Baba Ameomba Muda

Jumatatu, 3 Machi

Mshauri wa kliniki kaniambia niandike. Kila nikihisi nataka kumpasukia mtu, nikae chini niandike kwanza, halafu ndiyo nimpasukie kama bado nataka. Binti mwenyewe hata thelathini hajafika, ananifundisha mimi kupumua. Haya, nimechukua daftari la kazi, lile ninaloandikia spika ya nani imeungua wapi, nikaligeuza nyuma mbele. Naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yangu ana miaka kumi, mwezi wa sita anatimiza kumi na moja. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI. Kila siku saa mbili usiku anameza dawa, na hajui anameza za nini. Anachojua ni hadithi ya wadudu waliolala. Wadudu wamo kwenye damu, dawa inawalaza, ukiacha dawa wanaamka. Alionyeshwa hapo kliniki kwenye kitabu cha picha alipokuwa na miaka sita: wadudu wanene wamejifunika blanketi, wanakoroma. Sasa mshauri anasema hadithi ile imepitwa na umri wake, mtoto aambiwe ugonjwa kwa jina lake, na wa kumwambia ni mimi baba yake, yeye atakuwepo kunisaidia nikikwama. Nimepewa mpaka shule zikifungwa, tarehe kumi Aprili. Mama yake angekuwepo, angemwambia kwa upole. Hayupo, ana miaka minane kaburini.

Mvua imeanza leo. Paa la karakana linavuja palepale, juu ya meza ya kulehemu.

Jumatano, 5 Machi

Redio mbili, amplifaya moja. Sijamwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimekasirika mpaka nimekosea waya.

Binti yangu tunamwita Kasuku. Si mimi niliyempa jina hilo, ni mtaa mzima. Tangu alipojua kutamka neno hakuwahi kulipumzisha. Alipofika miaka mitano ndiye aliyekuwa ananijaribia spika. Mimi nikimaliza kufunga, yeye anashika maiki: "Moja, mbili, haloo, haloo, fundi ni baba yangu!" Kuna wateja walikuwa wanakuja kuchukua spika Jumamosi makusudi ili wamsikie.

Leo nimemaliza spika mbili kubwa za ukumbi, mwenyewe kasimama anasubiri. Nikamwita Kasuku, nikampa maiki. Akaiangalia kana kwamba nimempa nyoka. Akasema taratibu, karibu nisimsikie, kwamba leo hataki. Nikamuuliza anaumwa koo? Haumwi. Nimemuudhi? Hapana. Basi sema moja mbili, mtu ana haraka. Akairudisha maiki mezani kama mtu anayelaza yai, akaondoka kwa vidole vya miguu.

Na si leo tu. Ni wiki kadhaa sasa naambiwa nipunguze redio. Karakana ya fundi redio, mwenye karakana anaambiwa apunguze redio! Nikapunguza, nikaambiwa bado. Nadhani ameanza ile tabia ya kujiona mkubwa. Dada yangu anasema ni umri. Kila kitu kwa dada yangu ni umri, hata paa linalovuja.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya leo ilipiga mabati mpaka sikusikia pasi ya kulehemu ikianguka. Nikaingia ndani, nikamkuta Kasuku amejikunja kitandani, mto ameukumbatia tumboni kwa mikono miwili. Nikamuuliza tumbo linauma? Akatikisa kichwa. Basi toa huo mto uje ule. Hataki. Nikamwambia mara ya pili, mara ya tatu nikafoka. Akalia bila sauti, machozi yanashuka tu na mdomo ameufunga. Mtoto akilia kwa sauti unajua la kufanya. Huyu nilisimama mlangoni kama mgeni.

Mvua ilipokata akautoa mto mwenyewe, akaja akala.

Ijumaa, 14 Machi

Dada amekuja, kikao. Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka sita na anataka kila mtu aikumbuke hiyo sita. Nimemweleza kuhusu tarehe ya mshauri. Akasema kliniki ni watu wa vitabu, hawaishi mtaani. Kasuku akijua leo, kesho foleni yote ya bombani inajua, keshokutwa shule nzima. "Wewe unamjua mwanao alivyo na domo," akaniambia. Nikamwambia siku hizi mwanangu haongei hata na mimi. Akasema basi mshukuru Mungu, usimpe cha kuongea.

Nikaona ana hoja. Ukweli ni kwamba nilifurahi kuona ana hoja.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeitwa shuleni na mwalimu wa darasa, mama mmoja mpole mno, ule upole unaokufanya ujisikie una kosa kabla hajasema. Kasuku alichaguliwa tangu Januari kusoma neno la kukaribisha wazazi siku ya kufunga shule. Sasa hafungui mdomo. Akiulizwa swali darasani anaandika jibu kwenye karatasi na kulipeleka mbele. Kwenye kuimba anachezesha midomo tu. Mwalimu akaniuliza kama nyumbani kuna jambo. Nikasema hakuna. Akaniangalia. Nikasema tena hakuna, na safari hii hata mimi sikujiamini.

Wakati naaga akaniomba nilete spika siku hiyo, za shule zimekufa. Nikakubali. Sijui kwa nini nilikubali.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna kazi, mvua tu. Nikajipa moyo. Nikamwita, nikamwambia Kasuku, njoo, nataka tuongee. Akasema, "Polepole, baba." Nikamwambia basi, nenda ukacheze.

Ijumaa, 21 Machi

Sijamwambia.

Jumatano, 26 Machi

Siku ya kliniki. 

Tulikaa kwenye benchi saa mbili na nusu. Tukaitwa. Mshauri anatumia chumba kidogo chenye meza, viti vitatu, na dirisha lisilofungika. Akafungua majibu ya damu, akatabasamu. Virusi vimekuwa vichache mno hata mashine haivioni. Mimi nikashusha pumzi. Yeye akamgeukia Kasuku, akamwambia kwa lugha ya kitabu cha picha kwamba hongera, wadudu wako wamelala fofofo.

Kasuku akainama, akauliza kwa sauti ya chini, "Hata mvua ya Jumanne ile haikuwaamsha?"

Mshauri hakuelewa. "Mvua imefanyaje, mwanangu?"

"Ilipiga sana mabati. Niliwafunika na mto ili wasisikie."

Hapo ndipo yote yalipotoka, kidogo kidogo, kwa sauti ile ile ya mtu aliye chumbani kwa mgonjwa. Mwezi wa pili kuna Jumamosi tulishinda tunajaribu spika za sherehe, yeye na maiki yake siku nzima, haloo haloo mpaka jioni. Jumapili akaamka na homa. Ilikuwa mafua tu. Lakini mimi, kwa sababu alikuwa anasumbua kumeza dawa na nilikuwa nimechoka, nilimwambia: "Unaona sasa? Wadudu wako wanataka kuamka." Nimelikumbuka neno langu palepale. Mtoto akapiga hesabu yake mwenyewe. Wadudu wamelala, mimi nilipiga kelele, wakataka kuamka. Tangu siku ile anatembea kwa vidole. Hacheki. Haimbi. Darasani anaandika majibu kwenye karatasi. Wiki sita mtoto anabembeleza wadudu wasiamke, na mimi wiki sita nasema ameanza jeuri.

Mshauri akaweka kalamu chini, akamwambia hapana, kelele haziwaamshi hata kidogo. Kasuku akaitikia kwa kichwa. Lakini namjua mwanangu. Ile ni ya kumkubalia mtu mzima ili anyamaze. Alipotumwa kwa nesi kupimwa uzito, pale mlangoni akageuka akasema, "Si mlisema wamelala? Mtu akilala anasikia." Akaufunga mlango bila mlio.

Mimi nikampasukia mshauri. Daftari sikulikumbuka. Nikamwambia picha gani hizo mnawaonyesha watoto, blanketi, kukoroma, mnadhani mtoto ana akili ya kuku? Mwanangu mmemfunga mdomo na kitabu chenu cha katuni. Nimesema mengi. Watu wa benchi nje wote wamesikia, na kama wadudu wangekuwa na masikio hakuna ambaye angebaki amelala.

Hakunikatiza. Nilipoishiwa akaligeuza faili la Kasuku likanielekea mimi. Akaweka kidole. Tarehe, na mbele yake maneno: Baba ameomba muda. Akafungua ukurasa wa nyuma. Baba ameomba muda. Mwingine, kwa mwandiko wa nesi mzee aliyekwishastaafu. Baba ameomba muda, mtoto bado mdogo. Baba ameomba muda, ana kazi nyingi. Mara tisa, tangu Kasuku ana miaka minane. Chini ya kila moja sahihi yangu, na ule mkia ninaoupenda.

"Picha ile ni ya mtoto wa miaka sita," akasema. "Tulitakiwa tuifunge zamani."

Nikamwambia mngenilazimisha. Akasema, "Baba, ulikuwa unaondoka kabla sijamaliza sentensi."

Nilitaka kumkasirikia. Nimeitafuta hasira njia nzima ya kurudi nyumbani, huku Kasuku ananyata mbele yangu akikwepa madimbwi, na kila nikiipata inanigeukia mimi.

Alhamisi, 27 Machi

Sikufungua karakana.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia.

Mshauri alisema nimpeleke Kasuku kliniki Jumatatu kama naogopa. Nilijua nikisema Jumatatu nitasema Jumanne. Asubuhi nikafunga mlango wa karakana nusu, mwanga uingie na wateja wasiingie. Dada alikuwa ibadani. Manyunyu tu nje. Nikampa Kasuku kiti changu, mimi nikakaa juu ya spika. Alikuwa anachezea skrubu.

Nilikuwa nimejiandalia maneno nyuma ya karatasi ya kalenda. Nikaanza na redio. Nikamwambia redio inaweza kuwa na hitilafu ndani ambayo kwa nje huioni, na bado ikapiga vizuri ukiitunza. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Baba, ni redio au ni mimi?"

Karatasi nikaikunja. Nikamwambia, "Ni wewe. Hakuna wadudu wa blanketi. Una virusi vya UKIMWI. Ulizaliwa navyo. Hizo ndizo dawa unazomeza."

Skrubu akaiweka mezani. Akasema shuleni kuna bango. Nikasema ndiyo, ni hivyo hivyo vya kwenye bango. Akasema, "Lakini mimi sikufanya chochote."

"Hukufanya chochote. Hata kidogo."

"Vilitoka kwa mama?"

"Ndiyo."

"Mama alivitoa wapi?"

Hili ndilo swali lililoniandikisha mara tisa. Dada, domo, umri, kazi nyingi, vyote vilikuwa vya kulizunguka hili. Ningeweza kusema sijui. Mtoto wa miaka kumi angeamini. 

Nikamwambia, "Kwangu."

Nikamweleza yote. Mama yake alipokuwa na mimba yake alipewa karatasi ya kliniki, aje na mume wapime wote. Nikamwambia asubiri nimalize kazi za watu. Mwezi uliofuata akaniambia tena, nikamwambia asubiri. Hakutaka kwenda bila mimi, na mimi nilijua hatakwenda bila mimi. Akasubiri mpaka siku ya kujifungua. Tungekwenda mapema, dawa zilikuwepo za kumkinga mtoto tumboni. Nikasema, "Niliogopa, Kasuku. Kazi hazikuwa nyingi kiasi hicho."

Alinitazama muda mrefu. Ana macho ya mama yake, na leo nilitamani asingekuwa nayo.

"Na wewe unameza?"

Nikateremsha kopo la skrubu kutoka rafu ya juu, nikamwaga skrubu, nikamwonyesha kichupa cha dawa kilichokuwa chini yake. Akasema kumbe ndiyo maana kila saa mbili, nikishamwona amemeza zake, nasema naenda kufunga karakana. Nikasema ndiyo maana.

"Na kelele?"

"Haziviamshi. Havina masikio, wala havilali. Kazi yako ni kumeza dawa tu."

"Mvua?"

"Hata mvua."

"Hata nikipiga yowe?"

"Hata ukipiga yowe."

Nikasubiri yowe. Niliona nalistahili, na ningelipokea kwa furaha. Akainuka, akatoka, akaingia ndani na kufunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga tu, kawaida, kama mtu asiyeogopa mlio wala hatafuti mlio.

Nimeziokota skrubu moja moja. Zilikuwa nyingi.

Jumatatu, 31 Machi

Anatembea kwa nyayo nzima sasa. Vikombe anaviosha kwa makelele. Na mimi hanisemeshi. Kumbe kunyamaza kuko kwa aina mbili, na hii ya pili imenilenga mimi mwenyewe.

Jumanne, 1 Aprili

Vivyo hivyo. Mshauri kaja nyumbani kumwona baada ya kazi, na hakutumwa na mtu. Wameongea saa nzima, nimesikia Kasuku akiuliza maswali kama zamani, moja halijajibiwa lingine lipo. Kama ataruhusiwa kuzaa watoto. Kama ugonjwa utamuua. Mshauri hakupiga chenga hata moja. Namlipua mtu vile mbele ya benchi zima, naye anakuja kwa miguu kwenye matope. Nimemwomba radhi. Akauliza kama naandika.

Ijumaa, 4 Aprili

Dada kajua. Kanichamba tangu mlangoni. Kwamba nimeitangaza familia, kwamba nitaona, mtoto yule ataropoka kabla jua halijazama. Nilikuwa nalehemu, nikamwacha aseme.

Kasuku akatoka ndani. Akamuuliza, "Shangazi, na wewe ulikuwa unajua?" Dada akasema ndiyo, lakini. Hilo lakini halikupata wa kulifuata.

Akanigeukia mimi. Ndiyo mara ya kwanza tangu Jumapili. "Hii siri ni ya nani?"

Nikamwambia ni yake. Yeye ndiye atakayechagua amwambie nani na lini, na mtu mwingine yeyote, hata sisi, hana ruhusa bila yeye.

"Mmeshamwambia nani?"

Nikasema mimi sijamwambia mtu. Dada akaanza kukunjua na kukunja pindo la nguo yake. Akasema alimwambia mwenzake mmoja tu, yule mshonaji wa pale kona, tena zamani, tena alimwapisha.

Mwaka mzima huyu ananiambia mtoto ana domo! Nilifungua mdomo nimmalize, lakini Kasuku aliniwahi.

"Kumbe Kasuku ni wewe, shangazi."

Dada alilia, na mimi sikumsaidia. Baadaye nilipita dirishani nikamkuta amekaa chini anamsuka Kasuku nywele, anamwomba msamaha kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Ni dada yangu miaka yote hii na bado hajaisha kunishangaza.

Jumapili, 6 Aprili

Saa mbili usiku nikasimama niende "kufunga karakana", mazoea mabaya. Nikakuta mezani vikombe viwili vya maji. Kichupa chake, na kichupa changu amekitoa kwenye kopo.

"Meza hapa," akasema. "Nikuone."

Nikameza. Akaniambia nifungue mdomo, niinue na ulimi. Nimemfanyia yeye hivyo kila siku tangu akiwa mdogo. Akaangalia mpaka akaridhika, akasoma saa, akaenda kulala. Hakuniambia usiku mwema.

Jumatano, 9 Aprili

Spika nne, amplifaya, nyaya mita arobaini. Vyote vinafanya kazi. Mimi mwenyewe ndiye nisiyefanya kazi.

Alhamisi, 10 Aprili

Wamefunga shule. Ukumbi umejaa, wazazi mpaka madirishani. Dada kavaa nguo yake ya heshima, kakaa mbele. Mwalimu wa darasa akaninong'oneza kwamba Kasuku hajasema kama atasoma au hatasoma, ameweka mtoto mwingine wa akiba.

Nikajaribu spika mwenyewe. Moja, mbili. Kwa wasiwasi nikasimama na maiki mbele ya spika, kosa ambalo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza halifanyi. Ikapiga mlio wa kutoboa masikio, ukumbi mzima ukajiziba. Nikahangaika na vitufe. Watoto wakacheka.

Kasuku akatoka kwenye mstari wa darasa lake. Akanipokonya maiki, akatembea nayo mpaka pembeni panapostahili. Wakati huohuo mvua ikashuka kwenye mabati, ile kubwa. Nikaona mkono wake wa kushoto ukipanda tumboni, wenyewe, kwa mazoea. Ukakaa hapo kidogo. Kisha akaushusha.

"Haloo! Haloo!" Mvua yote ile, na sauti ilifika mpaka lango la shule. "Moja, mbili! Baba, toka hapo mbele ya spika, unaziba!"

Ukumbi ukaangua kicheko, mwalimu mkuu naye. Nikatoka. Akasoma neno lake lote, bila karatasi, na kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Dada analia, mshauri naye nimemwona nyuma kabisa, mwavuli unamchuruzika viatuni. 

Ile ya "fundi ni baba yangu" hakuisema. Nilisubiri mwisho wa maneno, nikasubiri tena wakati nakunja nyaya. Njiani alitembea hatua tatu mbele yangu, anaimba, anapiga madimbwi kwa mguu makusudi. Nilipomwita asimame tujikinge chini ya paa la duka, alisimama, lakini upande wake.

Nimefika nyumbani nimeandika hapa kama wanavyoandika kliniki. Mtoto ameomba muda. Na nimetia sahihi.